UZI: Kevin Plank, kijana aliyejileta mwenyewe timuni, akauza maua, fulana, wiski na kipande cha Baltimore

#1 Jasho Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna hadithi ya Kevin Plank, mwanzilishi wa Under Armour, kampuni ya Marekani ya nguo na viatu vya michezo, inayozunguka kila mara kwenye makundi ya wajasiriamali. Kijana alikuwa anatoka jasho sana uwanjani, akashona fulana, akawa bilionea, tujifunze. Wanaishia hapo. Ukitazama tarehe utagundua mkanda umekatwa mwaka 2005, siku kampuni ilipoingia soko la hisa. Miaka yote iliyofuata wameifungia kabatini, na humo ndimo mna mambo.

Nitashusha kwa vipande. Nikichelewa msininunie.

KIPANDE CHA KWANZA: UWANJANI

Plank alizaliwa mwaka 1972 akakulia Kensington, mji mdogo wa jimbo la Maryland, kitinda mimba kati ya watoto watano, wote wa kiume. Alipomaliza sekondari alikwenda mwaka mmoja Fork Union Military Academy kule Virginia, shule ya kijeshi inayosifika kwa kunoa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, akitegemea vyuo vikubwa vitamwona. Havikumwona. Akafunga mzigo wake akaenda Chuo Kikuu cha Maryland bila kuitwa na mtu, akaomba kujaribiwa. Kule mchezaji aliyejileta hivyo ni wa daraja la mwisho. Wenzake wamekuja kwa ufadhili wa masomo na magazeti yanawaandika. Yeye anapigwa vikumbo vilevile mazoezini, ila jina lake halipo midomoni mwa mtu.

Akapewa kikosi cha mateke. Kwa wasioujua mchezo ule: timu ina kikosi cha kushambulia, kikosi cha kulinda, na cha tatu ambacho huingia pale tu mpira unapopigwa teke. Hicho cha tatu hakina mastaa. Unakaa, unaitwa, unakimbia nusu uwanja kwa nguvu zako zote, unajigonga kwa mtu anayekuja kwa kasi hiyohiyo, unarudi kukaa. Plank aliishia kuwa nahodha wa hao watu.

Na alikuwa anatota. Mwenyewe husimulia kwamba hakuna aliyekuwa anatoka jasho kama yeye. Chini ya pedi walivaa fulana ya pamba, na pamba ni kitambaa kinachokunywa maji na kuyashikilia. Ikishalowa inakuwa nzito, inang'ang'ania mwilini, wakati wa baridi inakugandisha. Ila alikuwa amegundua jambo moja dogo: kaptura ya kubana anayovaa chini, ile ya kitambaa laini cha kutengenezwa viwandani, inatoka mazoezini karibu kavu. Juu maji, chini pakavu. Akajiuliza kwa nini hakuna mtu anayeshona fulana kwa kitambaa cha kaptura.

Nakunywa chai, narudi.

#2 Refa Mstaafu

Nimeweka kiti mbele. Shusha mkuu.

#3 Mama Hesabu

Kabla hujaendelea, mleta uzi, naomba usituruke kwenye mtaji. Hizi hadithi huwa zinafika kwenye pesa halafu ghafla mtu ana kiwanda.

#4 Jasho Kavu (mleta uzi)

Mama, nilikuwa naelekea hukohuko.

KIPANDE CHA PILI: MAUA NA KADI ZA BENKI

Kabla ya fulana Plank alikuwa mchuuzi tayari. Akiwa kijana aliuza fulana na vikorokoro vingine nje ya maonyesho ya bendi ya Grateful Dead, pamoja na kaka zake. Chuoni akaanzisha biashara ya msimu aliyoiita Cupid's Valentine: kila Februari anachukua mawaridi kwa wingi na kuwauzia wanafunzi wanaotaka kupeleka ua kwa wapenzi wao. Biashara ya siku moja kwa mwaka! Ila ifikirieni vizuri. Ua halilali. Lazima ujue oda mapema, ukusanye pesa, upange wasambazaji, na asubuhi ya tarehe 14 kila kitu kitoke. Ukikosea hesabu unabaki na ndoo za maua yasiyo na mwenyewe tarehe 15. Mimi naona shule yake ya biashara ilikuwa pale kuliko darasani, ingawa darasani nako alipata shahada ya utawala wa biashara mwaka 1996.

Akiba ya maua ndiyo iliyonunua vitambaa vya mwanzo na kumlipa fundi cherehani ashone sampuli. Ilipokwisha, akaingia kwenye kadi za benki, deni likafika kama dola 40,000. Ofisi ilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya bibi yake, Georgetown, jijini Washington. Mauzo ya mwaka wa kwanza, 1996, yalikuwa dola 17,000. Ndiyo, elfu kumi na saba. Yaani deni la kadi lilikuwa zaidi ya mara mbili ya hayo.

Jina nalo lina kisa. Alitaka liwe Body Armor, lenye maana ya deraya ya mwili, likakataliwa kusajiliwa. Siku moja kaka yake akamuuliza, katika hali ya kulikosea, mambo ya ile kampuni yako ya Under Armor yanaendaje? Akalichukua hivyohivyo. Wamarekani neno hilo huliandika bila "u", lakini yeye aliiweka kwa sababu namba ya simu ya bure inayotamkika kwa herufi za ARMOUR ndiyo iliyokuwa haijachukuliwa. Wataalamu wa chapa wangelipwa fedha nyingi kwa uamuzi kama huo.

#5 Kiraka

Mkuu samahani, naharibu sherehe kidogo. Bibi mwenye nyumba Georgetown? Huo si mtaa wa watu wanaohangaikia kodi. Na mama yake Plank aliwahi kuwa meya wa Kensington, baba yake alikuwa mwendelezaji wa ardhi na majengo. Sisemi hakuhangaika. Nasema ukianguka ukiwa na godoro chini, kuanguka kwako si kuanguka.

#6 Jasho Kavu (mleta uzi)

Kiraka, sikupingi hata kidogo, na ndiyo maana nilitaja nyumba ya bibi badala ya kusema "alianzia kwenye stoo" kama wanavyoandika wengine. Deni la dola 40,000 kwa kijana wa miaka 24 mwenye ukoo wa namna hiyo na deni lilelile kwa asiye na pa kurudi ni vitu viwili tofauti.

Ila godoro walikuwa nalo vijana wengi wa mtaa ule. Ambacho wengi hawakuwa nacho kinakuja sasa.

KIPANDE CHA TATU: CHUMBA CHA KUBADILISHIA NGUO

Tangu sekondari, Fork Union, hadi Maryland, Plank alikuwa amecheza na vijana ambao baadaye waliingia ligi ya kulipwa, NFL. Yeye hakuingia. Lakini alikuwa na namba zao za simu. Akawatumia fulana za bure, na kuwaomba jambo moja: ukiipenda vaa, halafu mpe jirani yako kabatini. Hakuwaomba wamtangaze popote.

Hapa nakaa kidogo maana naona ndipo ilipo siri nzima. Kampuni kubwa za wakati ule zilikuwa zinanunua sura ya staa. Plank hakuwa na pesa ya kununua hata kivuli cha staa. Akaenda kwa watu ambao hakuna anayewaona: wachezaji wa kawaida, na wale wasimamizi wa vifaa, wanaofua, wanaopanga makabati, wanaojua mchezaji gani anapenda soksi gani. Msimamizi wa vifaa ndiye mwenye daftari la manunuzi ya timu. Na nani anaongea lugha moja naye? Mtu wa kikosi cha mateke, aliyekaa naye pembeni mwa uwanja miaka minne. Timu ya kwanza kununua kama timu ilikuwa ya chuo, Georgia Tech. Kisha ikatokea picha kubwa gazetini, USA Today, ya Jeff George, mchezaji aliyekuwa akiiongoza timu ya Oakland Raiders uwanjani, na fulana ya Under Armour inachungulia shingoni. Hiyo picha hawakuilipia senti.

Mwaka 1998 wakahamia Baltimore. Mwaka 1999 nguo zao zikaonekana kwenye filamu ya Any Given Sunday, inayohusu futiboli. Plank alijua sinema itawaonyesha, akataka watu wakitoka ukumbini wakute tangazo. Akaweka dola 25,000 kwenye tangazo la jarida la ESPN. Hakuwa na hizo pesa za mchezo. Wafanyakazi walikubali kukaa muda bila mshahara. Oda zilizorudi zilikuwa za dola 750,000.

Kutoka hapo hadi soko la hisa nitapita mbio, maana mmeshasoma mahali pengine: Novemba 2005 hisa zilianza kwa dola 13 na siku hiyohiyo zikapanda karibu maradufu. Mwaka 2010 mauzo ya mwaka yakavuka dola bilioni 1. Mwaka 2013 wakampata mchezaji wa kikapu Stephen Curry kutoka Nike kwa bei ambayo baada ya miaka miwili, Curry alipoanza kubeba tuzo ya mchezaji bora wa NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu, mfululizo, ilionekana kama ya bure.

#7 Refa Mstaafu

Kuhusu wasimamizi wa vifaa naunga mkono kwa mikono miwili. Nimezunguka viwanjani maisha yangu yote. Kocha anaondoka, wachezaji wanaondoka, mtunza vifaa yupo. Ukitaka kitu kiingie timuni mpelekee yeye, usimpelekee rais wa klabu.

#8 Mama Hesabu

Haya. Sasa fungua hilo kabati ulilosema limefungwa.

#9 Jasho Kavu (mleta uzi)

KIPANDE CHA NNE: FARASI, HOTELI, WISKI NA KIPANDE CHA JIJI

Mjasiriamali wa aina hii akishafaulu mara moja anajiona amepata ufunguo wa milango yote. Mwaka 2007 Plank alichukua Sagamore Farm, shamba la farasi wa mbio kaskazini mwa Baltimore, lililokuwa la familia ya Vanderbilt na ambako aliwahi kuishi farasi maarufu Native Dancer. Nia yake ilikuwa kurudisha heshima ya Maryland kwenye mbio. Na mwaka 2010 farasi wao jike aitwaye Shared Account akashinda mojawapo ya mbio za Breeders' Cup, akiwa amepewa nafasi ya 46 kwa 1. Yaani mtu aliyeweka dola moja aliondoka na faida ya dola 46. Ukishinda hivyo mapema unaanza kuamini mambo.

Likafuata jina hilohilo la Sagamore kila mahali. Sagamore Spirit, kiwanda cha wiski ya rai, nafaka ambayo Maryland iliwahi kusifika kwa wiski yake kabla ya biashara hiyo kufifia. Hoteli ya Sagamore Pendry mtaa wa Fells Point, ndani ya jengo la gati la mwaka 1914. Hoteli na kiwanda vilifunguliwa vyote mwaka 2017. Akanunua hata boti za abiria za bandarini, teksi za majini.

Kubwa kuliko yote ilikuwa ardhi. Kupitia kampuni yake ya uendelezaji akakusanya viwanja Port Covington, eneo la bandari kusini mwa Baltimore lililokuwa na reli na maghala, ili ajenge mji mpya wenye makao makuu ya Under Armour katikati. Mwaka 2016 baraza la jiji lilipitisha hatifungani, yaani mkopo wa jiji, ya dola milioni 660 kwa ajili ya barabara, maji na miundombinu mingine ya eneo hilo, italipwa na ongezeko la kodi ya majengo yatakayojengwa. Ilizua ugomvi. Watu walihoji kwa nini jiji lenye mitaa iliyochoka, lililotoka kuwaka moto mwaka mmoja kabla baada ya kifo cha Freddie Gray mikononi mwa polisi, lianze na ufukwe wa bilionea. Wengine wakasema bila bilionea ufukwe ule utaendelea kuota kutu.

Eneo hilo sasa linaitwa Baltimore Peninsula. Majengo yapo, na kampuni imehamia humo, ila ni madogo kuliko ramani ya mwanzo. Shughuli za farasi zilikuja kupunguzwa hadi kufungwa. Sehemu kubwa ya Sagamore Spirit ikanunuliwa mwaka 2023 na Illva Saronno, kampuni ya Kiitaliano.

#10 Mpita Njia

Kwa hiyo huyo si mjasiriamali wa biashara nyingi. Ni mtu mwenye biashara moja na matumizi mengi.

#11 Kiraka

😂😂 Mpita Njia umekuja na panga.

#12 Jasho Kavu (mleta uzi)

Mpita Njia, umekaribia, ila nakukatalia kidogo. Hoteli imesimama na watu wanalala. Wiski ilipata mnunuzi kutoka nchi yenye watu wanaojua pombe, hiyo si bahati mbaya. Ninachokiona mimi ni kwamba kwenye fulana alikuwa mmoja wa wateja. Kwenye hizo nyingine alikuwa mpenzi wa kitu. Mpenzi wa farasi na mvaa fulana hawaoni kasoro kwa jicho moja.

Na hata ndani ya Under Armour yenyewe ilitokea hivyohivyo. Mwaka 2013 walinunua MapMyFitness, programu ya simu ya kupima mbio, kwa dola milioni 150. Mwaka 2015 wakaongeza MyFitnessPal ya kuhesabu chakula kwa milioni 475 na Endomondo kwa milioni 85. Jumla milioni 710. Wazo lilikuwa kwamba ukijua mtu anakimbia wapi na anakula nini utamuuzia viatu kwa wakati wake. Mwaka 2020 waliiuza MyFitnessPal kwa milioni 345, na Endomondo wakaifunga kabisa. Mtu anayehesabu maharage yake kwenye simu hana sababu ya kuvaa nguo zako.

#13 Mama Hesabu

Sasa niruhusu mimi niseme la hesabu, maana hapa ndipo watu wanachanganya na kuandika kwamba "alighushi vitabu".

Kwa robo 26 mfululizo, yaani vipindi vya miezi mitatu mitatu, mauzo ya Under Armour yalikua kwa zaidi ya asilimia 20. Mbio hizo zikakatika robo ya mwisho ya 2016. Januari 2017 walipotoa taarifa, hisa zikaporomoka karibu robo ya thamani yake kwa siku moja. Baadaye ikajulikana jinsi robo za mwisho zilivyofikiwa. SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ilisema kwamba kuanzia nusu ya pili ya 2015, kwa robo sita, kampuni ilivuta mbele oda za takriban dola milioni 408.

Kuvuta mbele maana yake ni hivi. Duka limeagiza mzigo wa kupokea Januari. Wewe Desemba unaliomba lipokee sasa, pengine kwa punguzo au kwa muda mrefu zaidi wa kulipa. Mzigo umetoka kweli, muuzo ni wa kweli, unaandikwa Desemba. Lakini Januari unaamka na shimo la ukubwa uleule. Utalizibaje? Unavuta wa Aprili. Robo inayofuata shimo ni kubwa zaidi kwa sababu umeahidi kukua. Ni kama mtu anayekopa mshahara wa mwezi ujao kila mwezi: hajaiba popote, ila kila tarehe moja ana kidogo zaidi.

SEC haikusema mauzo ni ya uongo. Ilichosema ni kwamba wawekezaji waliachwa waamini ukuaji unatokana na wateja kuhitaji bidhaa. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 9, bila kukiri wala kukana. Wenye hisa nao walikuwa wamefungua kesi yao, na hiyo mwaka 2024 ikamalizwa nje ya mahakama kwa dola milioni 434. Linganisheni hizo namba mbili mjue nani hasa alikuwa amekasirika.

#14 Refa Mstaafu

Mama, umefundisha kuliko chuo. Lakini hapa naona mchezaji tena. Mchezaji wa kikosi cha mateke kazi yake ni kukimbia mbele bila kuangalia pembeni. Ukimpa kampuni atakimbia hivyohivyo hadi agonge.

#15 Mama Hesabu

Mzee wangu, hiyo tafsiri ni tamu mno kwangu. Wako waliovuta oda mbele ambao hawajawahi kukimbia hata kuwahi basi. Tatizo lilikuwa ahadi ya asilimia 20 ambayo hakuna aliyethubutu kuishusha.

#16 Kiraka

Swali kwa mleta uzi. Baada ya yote hayo, kwa nini hakufukuzwa?

#17 Jasho Kavu (mleta uzi)

KIPANDE CHA TANO: KURA

Kwa sababu hafukuziki, Kiraka.

Kampuni ilipoingia soko la hisa, Plank alibaki na hisa za daraja lake peke yake, kila moja ikiwa na kura 10, wakati hisa unayonunua wewe sokoni ina kura moja. Kwa hiyo ana sehemu ndogo tu ya umiliki lakini kura kama asilimia 65. Mwaka 2016 wakaongeza daraja jingine la hisa lisilo na kura kabisa, ili kampuni iweze kutoa hisa mpya bila mkono wake kulegea.

Tazama kilichofuata. Januari 2020 aliachia ukurugenzi mkuu akabaki mwenyekiti, akaingia Patrik Frisk. Frisk akaondoka katikati ya 2022. Mapema 2023 akaletwa Stephanie Linnartz kutoka hoteli za Marriott. Mwaka mmoja na kidogo, naye nje. Aprili 2024 nani kakaa kitini? Plank.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 mauzo yalikuwa kama dola bilioni 5.7. Mwaka uliofuata, wa kwanza chini yake tena, kama bilioni 5.2. Mwenyewe alisema mapema kwamba wataacha kuuza kila kitu kwa punguzo na watapunguza utitiri wa bidhaa, kwa hiyo sehemu ya mteremko aliuchagua. Sehemu. Na Novemba 2025 wakatangaza kuachana na Curry, baada ya miaka 12.

Ninyi mnaosoma mikataba mtaona: kijana aliyewahi kusubiri kocha amwite uwanjani alipopata karatasi yake mwenyewe alihakikisha hakuna kocha. Simlaumu. Ila kura zilezile zilizomlinda asiondolewe kwa makosa ya miezi mitatu ndizo zilizowafanya wakurugenzi wawili kukaa kwenye kiti ambacho mwenyewe hajaondoa koti lake.

#18 Mpita Njia

Hiyo ya koti nimeipenda, naiba.

#19 Refa Mstaafu

Kwa kulinganisha tu, hebu muangalieni marehemu Junior Bridgeman. Kikapu, Chuo Kikuu cha Louisville, alifika nusu fainali ya vyuo mwaka 1975. Akachezea Milwaukee Bucks miaka mingi, mara nyingi akitokea benchi, na mshahara wake mkubwa kabisa wa mwaka haukuzidi dola 350,000. Akiwa bado mchezaji alianza kujifunza kazi ya mgahawa ndani ya Wendy's, akanunua michache, ikawa zaidi ya 100, akaongeza Chili's zaidi ya 100. Mwaka 2016 akauza, akahamia kujaza chupa za Coca-Cola. Mwaka 2020 akanunua majarida ya Ebony na Jet kwa dola milioni 14. Mwaka 2024 akanunua asilimia 10 ya Bucks hiyohiyo aliyoichezea. Amefariki Machi 2025 akiwa bilionea, na nina hakika nusu ya walio kwenye uzi huu wanalisikia jina leo.

#20 Mama Hesabu

Na hakubuni chochote, mzee. Alinunua biashara yenye kitabu cha maelekezo, akakisoma. Ndiyo maana hana hadithi ya kubandika ukutani.

#21 Kiraka

Ila Bridgeman hana kitu ambacho mtoto wa shule akikivaa anajiona mchezaji. Plank anacho. Hicho nacho kina uzito wake, mama.

#22 Mama Hesabu

Kina uzito, mwanangu. Nilichokataa ni kukihesabu mara mbili.

#23 Mpita Njia

Mleta uzi, yale maua yaliishia wapi? Umetuachia njiani.

#24 Jasho Kavu (mleta uzi)

Yapo. Chuo cha Maryland kilianzisha shindano la wanafunzi wenye biashara, likaitwa Cupid's Cup, kutokana na ile Cupid's Valentine, na Plank mwenyewe amekuwa mfadhili na jaji. Mwaka 2014 pia alitangaza kuchangia dola milioni 25 kuugeuza ukumbi wa zamani wa Cole Field House kuwa uwanja wa mazoezi ya futiboli wa ndani. Timu ileile aliyojipeleka.

Kesho nikipata muda nitapandisha ya Bridgeman peke yake, Refa amenichokoza. Mama Hesabu, usilale mbali.

#25 Mama Hesabu

Nipo. Njoo na namba za Wendy's, za Bucks tutazikuta njiani.